Lakabu, Nasaba na Asili za Watu Katika Mwambao wa Ujiji

Mwalo wa Katonga, ulio kusini mwa mji wa Kigoma na ambao kiutawala umo ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, ni mahali ambapo mtu mmoja huweza kutumia majina matatu kwa siku moja bila majina hayo kugombana: lile lililoandikwa katika kitambulisho cha Taifa, lile alilopewa na wazazi na ambalo pengine ofisi haikuliandika, na lile ambalo wavuvi wenzake humwitia mtumbwi unapofika ufukweni na dagaa kuanza kushushwa. Mazungumzo haya yanahusu jinsi majina ya namna hiyo yanavyobeba, au yanavyoacha kubeba, habari za asili ya watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa wahamiaji waliotoka ng'ambo ya ziwa, pwani ya Bahari ya Hindi, Unyamwezi, Buha na Burundi. Hoja itakayoshikiliwa ni kwamba katika mwambao huu nasaba iliyopangwa vizuri haitoshi kuaminiwa peke yake, kwa kuwa mara nyingi ilitungwa ili kumpandisha mtu hadhi, na kwamba lakabu, ijapokuwa hudharauliwa na watu wa ofisini kuwa ni mzaha wa vijiweni, imehifadhi ukweli ambao nasaba iliuacha njiani.

Yafaa kwanza istilahi zieleweke. Nasaba ni mfululizo wa majina ya wazazi kurudi nyuma, ambao kwa desturi ya Waislamu wa Afrika Mashariki huunganishwa kwa neno bin kwa mwanamume na binti kwa mwanamke. Nisba ni jina linalomhusisha mtu na kabila, ukoo au mji, kama al-Barwani au al-Murjebi. Kunia ni jina la heshima linalomtaja mtu kwa mwanawe, kama vile Baba Asha au Mama Hamisi, nalo ndilo linalosikika zaidi uani na msibani, kiasi kwamba wapo majirani wa miaka thelathini wasiojua jina jingine la mwenzao. Lakabu ni jina ambalo watu wengine humbandika mtu kwa sababu ya umbo, tabia, kazi, tukio au mahali alikotoka, na sharti lake kubwa ni kwamba mwenyewe hakuulizwa. Katika mpango huu wote hakuna kitu kinacholingana sawasawa na jina la ukoo linalotakiwa na fomu za serikali, kwa kuwa Mtanzania mwenye majina matatu huwa amebeba jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanawe naye akifuata desturi hiyo hiyo ataliacha jina la babu huyo nje. Jina la tatu hugeuka kuwa jina la ukoo pale tu ambapo shule, kanisa, kodi au kituo cha usajili kimeamua kulikaza lisisogee tena.

Wako wanaodhani kwamba mpango huo ni wa Kiarabu au wa Kiafrika peke yake, na kwamba Wazungu wamekuwa na majina ya ukoo tangu enzi za mababu. Dhana hiyo inaweza kukanushwa hapo hapo Katonga, kwani karibu na mwalo huo upo ufukwe ambao wageni huujua kwa jina la Jakobsen, na ambao pia huitwa Mwamahunga. Jakobsen ni jina lililoundwa kwa kanuni ile ile ya bin, kwa mtindo wa Denmark na Norway, ambako kiambishi -sen humaanisha mwana wa fulani, na majirani zao Waswidi hutumia -son kwa mwana na -dotter kwa binti. Hadi karne ya 19 sehemu kubwa ya wakulima wa Uswidi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika: mtu aliyeitwa Anders, ambaye baba yake aliitwa Johan, aliandikwa Anders Johansson, mwanawe Karl akawa Karl Andersson, na binti yake Brita akawa Brita Andersdotter, na binti huyo alipoolewa hakuliacha jina la baba yake, kama vile Asha binti Juma wa Ujiji alivyobaki binti Juma hata akiolewa mara tatu. Majina hayo yalikwisha kuanza kuganda mijini, lakini ilikuwa ni kanuni ya serikali ya mwaka 1901 iliyoharakisha ugandaji huo, na matokeo yake ni kwamba leo wapo malaki ya kina Andersson na Johansson ambao baba zao hawaitwi Anders wala Johan.

Lakabu nazo zilikuwa na kazi kubwa katika nchi hiyo. Kijiji kilichojaa watu wanaoitwa Anders Andersson kilimsumbua kila aliyehitaji kuita jina moja na kuitikiwa na mtu mmoja, na aliyesumbuka zaidi alikuwa ofisa wa jeshi. Chini ya mpango ulioanzishwa na Mfalme Karl XI mwaka 1682, ambao kila kundi la mashamba lilitakiwa kumtunza askari mmoja, askari huyo alipewa jina fupi la kijeshi: Rask, yaani mwepesi, Modig, yaani jasiri, Svärd, yaani upanga, Sköld, yaani ngao. Wengine waliyaacha majina hayo walipotoka jeshini, na wengine waliyarithisha kwa watoto wao, hivi kwamba ukoo mzima unaoitwa upanga leo hii huenda chanzo chake ni mkulima mmoja aliyepewa jina hilo na kapteni asiyemjua. Waswidi wapatao milioni moja na laki tatu walipohamia Amerika ya Kaskazini tangu katikati ya karne ya 19 hadi mwaka 1930, hasa Minnesota na Illinois, majina yalipinda tena: Johansson akawa Johnson, Karl akawa Charles, na pale ambapo kina Johnson walizidi mno, jina la kijeshi au la shamba la nyumbani lilirudishwa kazini.

Hata hivyo mjukuu wa Mswidi wa Chicago ana kitu ambacho mjukuu wa Mmanyema wa Ujiji hana. Sheria ya kanisa ya Uswidi ya mwaka 1686 iliwataka mapadri wa parokia zote kuandika waliozaliwa, waliooana, waliofariki na waliohama, na vitabu hivyo vipo hadi leo, kwa hiyo hata jina likibadilika mara tatu, mtafiti mwenye subira anaweza kulifuata kutoka kijiji hadi bandarini. Mwambao wa Ujiji katika karne ya 19 ulipokea wahamiaji kwa maelfu bila padri wala karani wa kuwaandika, na wengi wao walivuka ziwa kwa mitumbwi ya watu wengine na si kwa hiari yao.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, mji huo ulikuwa tayari ni soko la pembe za ndovu, watumwa, chumvi ya Uvinza, samaki na mafuta ya mawese, na ndani yake walikuwamo wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wa Oman waliokuja kupitia Tabora. Tangu miaka ya 1860 biashara ilivuka ziwa kwa nguvu na kuingia Manyema, yaani nchi ya magharibi ambayo leo ni mkoa wa Maniema na maeneo ya jirani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kutoka huko, pamoja na njia nzima ya katikati, walikuja Wakusu, Wabembe, Wagoma, Wabwari, Waholoholo na wengine wengi. Si wote waliokuja kama mateka. Wapo waliokuja kama wapagazi, mafundi wa mitumbwi, askari wa wafanyabiashara na wake zao. Kilichowaunganisha baadaye ni kwamba wote walianza kuitwa Wamanyema, jina la nchi iliyogeuzwa kuwa kabila. Kwa maana hiyo Mmanyema ni lakabu ya watu wengi kwa mpigo, waliyobandikwa na wenyeji na wafanyabiashara, wakaikubali, na hatimaye wakajivunia, hata walipohamia Dar es Salaam wakajenga huko msikiti unaoitwa hadi leo Msikiti wa Manyema.

Jina ambalo wahamiaji hao walipendelea wenyewe lilikuwa jingine. Waliotaka heshima walijiita waungwana, au kwa matamshi ya bara wangwana, wakimaanisha watu waliovaa kanzu, waliosali, waliosema Kiswahili na waliokula na wageni wa pwani. Pwani kwenyewe muungwana alikuwa mtu huru aliyezaliwa na watu huru, lakini bara neno hilo lilipanuka hata likamchukua mtu ambaye kisheria alikuwa bado ni mtumwa wa tajiri fulani wa Ujiji au wa mji wa Kasongo. Hapo ndipo jina lilipoanza kufanya kazi ya kuficha. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na orodha maalumu ya majina waliyopewa watumwa, mengi yakitokana na vito, bahati njema na siku za heri: Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki, Baraka, Faraji, Farhani. Mtu aliyeitwa hivyo katika karne ya 19 alikuwa amebeba hadhi yake mdomoni mwa kila aliyemwita. Alichoweza kufanya kwa ajili ya wanawe ni kuwapa majina yasiyo na alama hiyo, Juma, Hamisi, Salumu, Ramadhani, na mpango wa majina matatu ulimsaidia bila kumwuliza, kwa kuwa mwanawe akawa Juma Feruzi, mjukuu Salumu Juma Feruzi, na kitukuu akawa Hamisi Salumu Juma, naye Feruzi hayumo tena. Vilitosha vizazi vitatu tu, na karani hakuhitajika. Inafaa kuongezwa mara moja kwamba majina hayo leo hayana tena alama yoyote ya utumwa, na kwamba upande wa Kongo yamekuwa majina ya kawaida kabisa, yakibebwa hata na Wakristo ambao babu zao hawakupata kuwa watumwa wa mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara aliyefika Ujiji pamoja na Burton na Speke, kisha na Henry Morton Stanley mwaka 1871, kisha na Verney Lovett Cameron mwaka 1874. Mtu huyu alizaliwa katika Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akapelekwa India, na baada ya bwana wake kufariki akarudi Zanzibar akiwa huru. Sidi ni jina ambalo watu wa India waliwaita Waafrika wote. Mubarak ni jina la Kiislamu la heri alilopewa utumwani. Bombay ni mji. Sehemu zote tatu za jina lake zilitolewa na watu wengine na hakuna hata moja iliyotoka kwa wazazi wake wa Kiyao, lakini zikisomwa kwa mpangilio zinaonyesha safari yake vizuri zaidi kuliko nasaba yoyote ya kubuni ambayo angeweza kujitungia alipokuwa maarufu. Mwenzake Mabruki, aliyemtumikia Speke, alijulikana katika msafara wa Stanley kama Mabruki Speke, na hapa jina la Mzungu limefanya kazi ambayo nisba hufanya, yaani kumtofautisha Mabruki huyu na wengine kwa kumtaja bwana aliyemtumikia. Mwenye kuona ajabu juu ya Mwafrika kuitwa Speke na akumbuke kwamba maelfu ya Waswidi waliitwa upanga kwa sababu hiyo hiyo.

Stanley mwenyewe ameacha maelezo ya kupewa jina mtoto mmoja huko Unyanyembe, muda mfupi kabla ya kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Mfanyabiashara mmoja alimpa mtoto wa kiume aliyeitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina hilo, akawauliza wakubwa wa msafara wake wamtafutie jingine, kila mmoja akapendekeza lake, na likashinda Kalulu, jina la mnyama mdogo mwepesi wa porini. Kijana huyo alisafiri hadi Uingereza na Marekani, akarudi Afrika, na akafa maji katika maporomoko ya Mto Kongo mwaka 1877. Dunia ilimjua kwa jina lililochaguliwa katika kikao cha dakika chache, wakati jina alilokuja nalo, ambalo ndilo lingeweza kuwaongoza ndugu zake kumtafuta, limebaki kama maelezo ya pembeni katika kitabu cha mtu aliyelikataa.

Wakubwa nao hawakuepuka lakabu, na kwao tofauti kati ya nasaba na lakabu ni kali zaidi. Hamed bin Muhammed bin Juma al-Murjebi ni jina kamili lenye nasaba na nisba, la mtu wa Zanzibar mwenye asili ya Oman kwa upande mmoja na damu ya Afrika kwa upande mwingine, lakini bara zima lilimjua kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe alieleza kwamba jina hilo liliiga mlio wa bunduki zake katika vita vya kusini-magharibi mwa ziwa. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Maelezo yote mawili yanasema kwamba jina lilitoka kwa watu waliomtazama, na hata yakipingana yanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba nasaba yake haikuwa na maana kwa waliompa jina. Mshirika wake Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi aliyeutawala Ujiji kibiashara na kwa nguvu katika miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890 kabla ya kushindwa na majeshi ya Wabelgiji ng'ambo ya ziwa, aliitwa Rumaliza, na asili ya jina hilo katika kitenzi kumaliza haihitaji mkalimani. Nisba ya al-Barwani inasimulia ukoo wa heshima. Rumaliza inasimulia walichokiona watu wa mwambao.

Kisa chenye mafunzo makubwa zaidi kuhusu nasaba kimo katika wasifu ambao Tippu Tip aliutunga kwa Kiswahili na ambao Heinrich Brode aliutangaza Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Humo anaeleza bila haya kwamba alipokuwa magharibi mwa ziwa alisikia habari za mtawala wa Utetela, Kasongo Rushie, ambaye dada zake walikuwa wametekwa zamani na kupelekwa mbali. Tippu Tip alilishika jina la mmoja wa dada hao, akadai kwamba mwanamke huyo alinunuliwa na babu yake mzaa mama na kwamba ndiye aliyemzaa mama yake, na kwa sababu hiyo yeye ni damu ya mtawala. Mzee Kasongo Rushie alimpokea kama mjukuu aliyepotea na akamwachia utawala, pamoja na pembe nyingi za ndovu. Nasaba nzima ilisimama juu ya jina moja la mwanamke lililosikika njiani. Uongo huo ulifaulu kwa sababu ulikuwa unawezekana kabisa, kwani wakati huo wanawake wa Manyema waliochukuliwa mbali na kuzaa watoto kwa mabwana wa pwani walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kumkanusha mtu aliyedai kuwa ni mjukuu wa mmoja wao.

Hapa inafikiwa kasoro kubwa ya nasaba ya Ujiji, nayo ni kwamba hupita kwa wanaume tu. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, yaani mtumwa wa kike aliyezaa na bwana wake, alizaliwa huru na kurithi nasaba ya baba yake akiwa sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke wa ndoa. Sheria hiyo iliwafaa sana watoto, ila iliwanyima mama zao nafasi katika jina. Mtu wa Ujiji mwenye nisba ya Kiarabu anaweza kuwa na bibi mzaa baba aliyekuwa Mkusu na bibi mzaa mama aliyekuwa Mbembe, na jina lake lisionyeshe hata chembe ya habari hiyo. Vivyo hivyo mjukuu wa Mwinyi fulani anaweza kudhani ametoka Mrima moja kwa moja, kwa kuwa Mwinyi ni cheo cha pwani, kama kilivyobebwa na Mwinyi Kheri aliyekuwa mkubwa wa Ujiji hadi alipofariki mwaka 1885, kumbe robo tatu ya wazee wake hawakupata kuiona bahari. Kile ambacho familia kama hizo huhifadhi kuhusu mabibi hao ni lakabu. Bibi huyu alikuwa akiitwa Mgoma, yule Mbwari, mwingine alitajwa kwa kijiji cha ng'ambo au kwa namna alivyosema Kiswahili. Lakabu ya namna hiyo ilikusudiwa kumkumbusha kwamba ni mgeni, na pengine ilimuuma, lakini ndiyo pekee inayoweza kumpeleka mjukuu wake upande sahihi wa ziwa.

Waha na ndugu zao Warundi wana mpango tofauti kabisa, ambao unastahili kuzingatiwa kwa kuwa wengi wa wakazi wa leo wa Katonga wana damu ya Buha. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe lisilo la baba wala la babu, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata kidogo. Mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, anayewafuata huitwa Chiza, mtoto wa saba ni Nyandwi na wa nane ni Minani. Majina mengine ni sentensi nzima ambazo mzazi aliielekezea dunia siku ya kuzaliwa mtoto. Mashabiki wa soka wa Tanzania walitamka mojawapo kwa miaka kadhaa bila kujua kwamba wanasoma barua ya mzazi: Saidi Ntibazonkiza, mchezaji wa Burundi aliyepitia Yanga na Simba, ana jina la pili linalosema kwamba hao hawatamwokoa. Jina kama hilo likiingizwa katika fomu linageuka jina la ukoo, na hapo malalamiko ya mzazi mmoja dhidi ya jirani zake wa wakati fulani yanarithiwa na watoto wasiohusika. Ng'ambo ya ziwa hali ilivurugwa zaidi na amri ya Rais Mobutu ya mwaka 1972, iliyowataka raia wa Zaire kuacha majina ya ubatizo ya Kizungu na kuchukua ya Kiafrika. Ndugu wawili, mmoja akiwa Uvira na mwingine Ujiji, wangeweza tangu mwaka huo kuwa na majina yasiyoonyesha kabisa kwamba wana babu mmoja.

Utawala wa Wajerumani, wa Wabelgiji waliolishika eneo la Kigoma kati ya mwaka 1916 na 1921, na wa Waingereza baada yao, ulileta kodi, shule na stakabadhi, na kila stakabadhi ilihitaji jina la kuandikwa. Huko Dar es Salaam zipo familia mashuhuri za Waislamu zilizobaki na majina ya Kizungu kutokana na enzi hizo. Inayojulikana zaidi ni ya Sykes, ambayo babu yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji na kuingia nchini katika jeshi la Hermann von Wissmann mwaka 1889, na ambayo mwanawe Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Kigoma haikupata ukoo wa namna hiyo wenye sifa kama hizo, lakini ina meli. Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kupewa mwaka 1927 jina la Liemba, ina kumbukumbu kamili ya lini ilibadilishwa jina, na nani, na kwa nini, jambo ambalo abiria wake wengi wangetamani kuwa nalo kuhusu babu zao.

Katika zama za karibuni lakabu imepata soko. Sunday Manara, wa familia ya soka yenye asili ya Kigoma, aliitwa Computer, na kaka yake Kitwana aliitwa Popat, na hakuna Mtanzania aliyehitaji nasaba ili kuwatambua. Wasanii waliokusanyika mwaka 2012 kuimba Leka Dutigite kwa jina la Kigoma All Stars walikuja wengi wao na majina ya kisanii, akiwamo Omary Faraji Nyembo anayejulikana kama Ommy Dimpoz, na katika majina yake hayo matatu ya asili la mwisho linasikika sana katika mikoa ya Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa. Lakabu hizi za kujichagulia, hata hivyo, ni aina nyingine. Zinatangaza biashara, hazishuhudii asili.

Suala la jina na asili lina makali yake. Wakazi wa mkoa wa Kigoma wamelalamika kwa miaka mingi, hadi bungeni, kwamba wanapotafuta kitambulisho au pasipoti huulizwa uraia wao kwa sababu ya jina linalosikika kuwa la Kongo au Burundi. Kuuliza ni haki ya nchi yenye mpaka, lakini jina ni ushahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa: Mmanyema wa kizazi cha nne anaweza kuitwa Juma Hamisi na asiulizwe lolote, na Muha ambaye mababu zake hawakupata kuvuka mpaka wowote anaweza kubeba jina linalofanana kabisa na la Mrundi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikuliweka jina kuwa kipimo. Inatazama mahali pa kuzaliwa na uraia wa wazazi, na kwa ujumla mtu aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmojawapo aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia tangu tarehe 9 Desemba 1961. Mjukuu wa suria aliyeletwa Ujiji mwaka 1880, ambaye mama yake alizaliwa Ujiji na mwenyewe akazaliwa Ujiji, alikuwa raia siku hiyo bila kumwomba mtu. Anachokosa ni namna ya kuthibitisha mama huyo alikuwa nani. Tatizo hilo hilo linawakuta Wabembe waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kupelekwa Marekani au Uswidi, ambako ofisi zimezoea jina moja la ukoo, si familia yenye watoto watano wenye majina matano tofauti.

Kwa hiyo wasikilizaji wa Katonga, Bangwe, Kasimbu, Gungu na mitaa yote ya Ujiji ambao wazee wao wangali hai wanaombwa wasianze kwa kuuliza jina la ukoo, kwani hilo limeandikwa tayari. Wamwulize bibi jina la mama yake, lakabu aliyokuwa akiitwa, nani alimwita hivyo, na alivuka ziwa kutoka mwalo gani. Majibu yaandikwe katika daftari kwa maneno yale yale aliyoyasema, hata yale ya aibu, na nakala apewe ndugu wa upande wa kike, ambaye jina lake halitafanana na la mwandishi.